Vitenge vya Kuvaliwa Mara Moja

Habari ya kifo cha Mama Wabiwa ilinikuta Uvira, nikiwa katikati ya kupima kiuno cha mteja. Ujumbe wa kwanza kwenye simu ulisema amefariki. Wa pili ulifika kabla sijakaa chini: picha ya kitenge cha zambarau chenye maua meupe, na maneno ya mwanawe mkubwa kwamba hiyo ndiyo iniforme, yaani sare, ya matanga, kila mtu ajinunulie mapema kabla haijaisha sokoni. Nililia, kisha nikacheka, hata mteja wangu akaniuliza kama niko mzima. Mwanamke aliyetumia mwaka mzima kunifundisha kwamba nguo haistahili kufa baada ya siku moja, sasa anazikwa na watu waliovaa nguo ya siku moja! Nilikinunua kama wengine wote, nikakishona vizuri, nikashuka nacho hadi mji wa Baraka kwa barabara ya kando ya ziwa, maana msibani mtu haendi kubishana. Nilipofika nilikuta ua umejaa zambarau kuanzia mlangoni hadi jikoni, na nikasimama katikati ya wanawake wale wote nikimkumbuka marehemu kwa hasira kidogo na kwa mapenzi mengi. Tulipomaliza kuzika, niliomba kuingia peke yangu kwenye chumba chake cha kushonea. Siku hizi kinauza vocha za simu na soda. Mambo ninayoyaandika hapa yalitokea ndani ya kile chumba, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Tulikiita atelye, ingawa kilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi chenye mabati juu na dirisha moja lililotazama njia ya soko. Ndani mlikuwa na mashine tatu za kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia, pasi ya makaa, na kioo kilichopasuka pembeni ambacho kilimfanya kila mteja aonekane mwembamba, kwa hiyo hakuna aliyetaka kibadilishwe. Mama Wabiwa alikaa kwenye mashine ya karibu na mlango ili aone nani anakuja na kwa uso gani. Ya katikati ilikuwa ya yaya Anjelani, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Mimi, mwanafunzi, nilipewa ile ya nyuma iliyokuwa ikiruka mishono, na nililala kwenye chumba cha ndani pamoja na majora na panya. Mchana tulikula chini, mbali na meza, kwa sababu mawese na nguo ya mteja havipatani. Ulikuwa ugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, au ndagala, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa zikabaki na ukali kidogo wa moshi, na kabla ya kurudi kwenye kazi Mama Wabiwa alinusa mikono yetu mmoja mmoja kama mwalimu wa shule ya msingi. Mteja akirudishiwa nguo yenye harufu ya samaki, alisema, hatasema samaki ameharibu, atasema Wabiwa ameharibu.

Siku hizi naalikwa kwenye mikutano. Vijana wa mitindo wa Bujumbura na Goma, wamependeza kweli kweli, wananieleza kwa Kifaransa kwamba mitindo ya dunia inabadilika: viwanda vikubwa vinajifunza kutumia maji kidogo, vinapokea nguo kuukuu kwa wateja wao na kuzitengeneza upya, uzi unatoka kwenye chupa za plastiki, na kiraka, ambacho bibi zetu walikificha kwa aibu, sasa kinawekwa mbele kifuani ili kionekane. Nawasikiliza na ninafurahi, siwadanganyi. Heri anayechelewa kutubu kuliko asiyetubu. Ila naona pia yanayotoka kwenye balo, yaani marobota, za mitumba zinapofunguliwa sokoni Uvira. Zamani jinzi ya balo ilivaliwa na kaka, ikavaliwa na mdogo, ikakatwa kuwa kaptura, ikaishia mfuko wa kubebea misumari. Sasa unatoa blauzi nzuri ya kupendeza, unaifua, nayo inakubakia mikononi nyuzi nyuzi. Safari ya nguo nyingi za dunia huishia kwetu, na anayekaa mwisho wa safari ndiye anayejua mzigo ulifungwaje. Kwa hiyo vijana hao wakiniuliza ni lini nilianza hiyo mode durable yao, mitindo ya kudumu, nawajibu kwamba ilianza siku gari la Madame Klodine lilipokwama kwenye matope mbele ya atelye yetu.

Madame Klodine alikuwa mwanamke wa Bujumbura mwenye sauti ya upole na viatu visivyofaa kwa barabara yetu. Alikuwa na duka lake na marafiki Ulaya waliotaka kuuza magauni yaliyoshonwa kwa nguo zilizotupwa. Alitusaidia kusukuma gari, akachafuka, akaingia kunawa, akaona kazi yetu, akaketi. Alichotaka kilikuwa rahisi kukieleza: tukusanye vitambaa visivyotakiwa, tuviunganishe kwa mfano wake, na kila gauni liende na kikaratasi kinachosimulia lilikotoka. Mama Wabiwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Madame, kazi tunaipenda," alisema. "Mugeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ile nguo ya kutupa tutaipata wapi?"

"Vipande vinavyobaki mukikata. Vile vya chini."

Mama Wabiwa alinigeukia. "Sifa, ebu onyesha Madame vile vipande vya chini."

Sakafu ilikuwa safi. Vipande vikubwa vilikuwa vimekwenda kwenye mablanketi ya watoto, vya kati kwenye viraka, vidogo kwenye mito na magodoro, na nyuzi zenyewe tulizitumia kuwashia makaa ya pasi. Madame alitazama sakafu, akacheka peke yake, kisha akasema kwamba amesafiri njia yote hiyo kuja kutufundisha jambo tunalolijua. Lakini oda ilibaki pale pale, na sisi tuliitaka. Tukatangaza sokoni kwamba tunapokea vipande.

Hapo ndipo alipoingia Bahati, fundi wa suruali aliyekuwa na mashine chini ya turubai karibu na wauza chumvi. Alituletea mfuko wa vipande vizuri mno, vya mraba, vyote sawa, vimepigwa pasi na kupangwa kwa rangi. Mama Wabiwa alikinusa kimoja. Kilikuwa kitenge, au kikwembe kama wengi kwetu wanavyosema, na bado kilikuwa na gundi ya kiwandani.

"Bahati, hii kikwembe ilikuwa mupya?"

"Mupya kabisa, mama," alisema Bahati kwa fahari. "Nilikata jana. Si mulisema Madame anapenda vipande? Mi naweza kata hata jora nzima, mutakosa mahali ya kuweka."

Anjelani aliinama kwenye mashine yake mabega yakitetemeka kwa kicheko. Lakini Bahati hakuwa amedanganya mtu. Alisikia kwamba kuna mtu anayependa vipande, akamtengenezea vipande, safi kuliko vya mtu mwingine yeyote. Kwenye mikutano yangu nimeshaonyeshwa magauni ya gharama ambayo viraka vyake, nikivishika vidole vikaniambia ukweli, vilikatwa na Bahati wa mahali fulani.

Jibu lilikuwa ndani ya mavalizi. Kwetu mtu haendi harusini wala msibani na nguo yake tu. Familia inachagua kitenge, ndugu na majirani na kwaya wote wanakinunua, na siku hiyo ua mzima unakuwa rangi moja. Ni jambo zuri, na hata leo likinipita naumia. Tatizo ni kesho yake. Kitenge hicho kimeshapata jina: cha ndoa ya fulani, cha matanga ya fulani, na ukikivaa kwenda sokoni watu wanakusoma kutoka mbali kama ubao wa shule. Basi kinakunjwa, kinawekwa kwenye valizi chini ya kitanda, na mwaka unaofuata kinawekewa kingine juu. Mama Wabiwa aliposema kwamba tutapokea iniforme za zamani, wanawake walikuja na mizigo kichwani kana kwamba wanahama, na kwa wiki kadhaa sikuhitaji redio.

"Hii ni ya ndoa ya Feza," alisema mmoja akikitandaza mezani. "Ndoa ilikufa, kikwembe iko muzima."

"Hii walinikopesha, sikulipa, na bibi-arusi alishahama. Kateni mbio mbio," alisema mwingine.

Tulicheka mpaka mashine ya nyuma ikaruka mishono zaidi ya kawaida yake. Vya harusi Mama Wabiwa alivikata siku hiyo hiyo. Vya matanga alikuwa na sheria navyo, na hakuivunja hata mara moja: hakukata kitenge cha matanga mpaka watu wote wa nyumba ile wajue na wakubali, kwa sababu, alisema, mwenye kulia hajulikani kwa macho. Mtu akija nacho peke yake, anarudishwa akalete wenzake.

Ndiyo sababu kitenge cha Anjelani kilikaa juu ya rafu muda mrefu. Mume wake, Eliya, alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, na shimo likamfunika yeye na wenzake. Hawakutolewa. Matanga yalifanyika bila mwili, kwa kitenge cha buluu chenye majani ya kijani, na yakaondolewa kwa wakati wake kama desturi inavyotaka. Lakini Anjelani hakuwa na nguo nyingine nzuri. Alikuja kazini na buluu ile, akaenda kanisani nayo, na kwa kuwa kaburi halikuwepo, watu walimfanya yeye kuwa kaburi. Alipopita walipunguza sauti. Wauza samaki walimwongezea fungu bila yeye kuomba, na wasichana wa rika lake waliacha kucheka mpaka apite. Siku aliyokivua akakileta kazini kimekunjwa ndani ya mfuko, akiwa amevaa kanga iliyochakaa ya kupikia, alimwambia Mama Wabiwa maneno ambayo bado nayasikia.

"Kata, mama. Mi nachoka kupewa pole. Nataka batu banisemeshe kama muntu."

"Koko Tabu anajua?"

Koko Tabu, yaani bibi Tabu, alikuwa mama yake Eliya. Wanawake hao wawili waliishi nyumba moja, na mkwe hakuwa na mahali pengine pa kwenda, wala mama mkwe hakuwa na mtu mwingine wa kumpikia. Anjelani aliketi kwenye mashine yake.

"Basi utamuuliza," alisema Mama Wabiwa, akakiweka rafuni.

Hakumuuliza. Niliona alivyojaribu, maana wakati mwingine nilimsindikiza nyumbani: alikuwa anafungua mdomo, kisha anaomba chumvi. Lakini Baraka ni mji mdogo. Asubuhi moja Koko Tabu aliingia atelye bila kupiga hodi, mwembamba, amevaa buluu yake yenye majani ya kijani, akaangalia rafuni, akaona kile kingine kiko salama.

"Nasikia munakata bafu wa batu," alisema, yaani wafu wa watu.

"Karibu, Koko. Hatujakata kitu," alisema Mama Wabiwa.

"Nitakaa hapa nione."

Akakaa. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Alikuja kulinda kitenge, na hakuficha, alikaa kwenye kiti cha dirishani akakikodolea macho kama paka mbele ya tundu. Anjelani alishona kichwa chini, na wawili hao hawakusemezana mbele yetu isipokuwa kwa mambo ya maji na makaa. Siku ya tatu au ya nne Mama Wabiwa alimtupia gauni la Madame mapajani pamoja na sindano. "Koko, macho yanalinda, mikono inafanya nini? Nipindie hii." Koko Tabu alinung'unika, akapinda. Alikuwa na mkono mzuri mno, pindo lake halikuonekana upande wowote. Tangu hapo alikula nasi, akatukosoa ugali, akanuswa mikono kama sisi, na akawa amepinda nusu ya magauni ya Ulaya huku akiendelea kutushuku.

Madame Klodine aliporudi kuchukua kazi, alimkuta pale. Alifurahia magauni, akaandika hadithi kwenye vikaratasi vyake, ile ya Feza akaicheka mpaka machozi. Kisha akauliza kuhusu kitenge cha rafuni, na Anjelani, ambaye kwa kawaida hakuzungumza na wageni, akamweleza. Naona sasa kwamba alitaka kitenge kile kiende mbali, kwa watu wasioweza kukisoma. Macho ya Madame yaling'aa. Hakuwa mtu mbaya, na nimewaona wengi waliomzidi kwa ubaya, lakini alijua kazi yake. Alisema hilo ndilo litakuwa gauni la mbele, na kwamba kikaratasi chake kitakuwa na jina la Eliya, na watu wa huko watajua aliishi.

Koko Tabu aliacha kupinda. "Jina yake mutaandika ku karatasi?"

"Ndiyo, mama. Kwa heshima."

"Na ile karatasi inashonewa ku nguo?"

"Inafungwa na uzi."

"Mwenye kununua, akifika kwake, ile karatasi anaifanya nini?"

Sote tulijua jibu, kwa sababu sote tulikuwa tumewahi kununua nguo mpya.

"Anakata uzi, anatupa," alisema Koko Tabu. "Mutoto yangu shimo lilimukula. Sasa muzungu amutupe mara ya pili? Hapana. Haiende kule."

Nilidhani mambo yameishia hapo, na nilimwonea Anjelani huruma. Lakini Anjelani alisimama. Sauti yake ilianza chini ikapanda.

"Koko, basi isiende. Lakini mi pia niko naenda wapi? Batu bakiniona, banamuona Eliya. We ukiniangalia, unamuona Eliya. Mi mwenyewe niko wapi? Nilimulilia. Bado namulilia. Lakini niko muzima, Koko. Unisamehe, niko muzima."

Madame alitazama viatu vyake. Koko Tabu alimwangalia mkwe wake. Kisha akamwambia Mama Wabiwa, bila kumtazama, "Kata. Lakini ibaki Baraka."

Mama Wabiwa hakungoja aseme mara mbili. Alikitandaza, mimi nikashika ncha, na alikata vipande vidogo kuliko tulivyowahi kukata, vidogo kiasi kwamba hakuna jani lililobaki zima. Akavichanganya na vile vya ndoa ya Feza, vya kwaya, na vya yule aliyekopa akakimbia kulipa. Madame, namsifu kwa hilo, alivua viatu vyake akakaa chini kutupangia rangi, na hakuandika chochote. Anjelani alijishonea sketi mwenyewe. Koko Tabu hakusaidia. Aliendelea na pindo lake, na mara mbili alijichoma sindano, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Vijana wangu wa mikutanoni hupenda kusema nguo ina kumbukumbu, tuitunze kumbukumbu. Ni kweli. Lakini nimejifunza pia, katika chumba kile, kwamba kuna nguo ambayo huwezi kuiokoa mpaka uisaidie kusahau, na hilo halifanywi na kiwanda wala na kikaratasi. Linafanywa na watu wanaojuana, mezani, kila mmoja akiwa amekubali, na linaumiza. Nikiambiwa mitindo inakuwa na huruma kwa dunia, nauliza kama inakuwa na huruma pia kwa mvaaji. Wengine huandika swali hilo kwenye daftari zao, wengine hunitazama kama mzee aliyepotea njia.

Anjelani aliivaa sketi yake asubuhi ya soko. Alitoka nyumbani na Koko Tabu, lakini Koko alitangulia mbele, haraka, akafika atelye peke yake, akakaa dirishani na kuanza kazi bila salamu. Mimi na Mama Wabiwa tulijifanya tunatafuta mkasi. Njia ilikuwa imejaa: wanawake wa Lweba na mihogo, vijana wa pikipiki wakisubiri abiria wa Fizi. Kwa mbali niliiona ile sketi, rangi zote zikipigana, ikija. Mmoja wa wale vijana aliipigia mluzi.

"He, mama! Ile sketi iko na makelele! Ulivaa soko nzima?"

"Na ile moto yako inakohoa," Anjelani alimjibu akionyesha pikipiki, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ipeleke hopitali kwanza, kisha uje usemeshe batu!"

Watu walicheka, yule kijana akacheka kuliko wote, na mwanamke mmoja wa mihogo akamwita Anjelani aje amwonyeshe vile viraka vimeshonwaje. Hakuna aliyepunguza sauti. Ndani, sindano ya Koko Tabu ilikuwa imesimama hewani.

"Basi," alisema. "Sasa ndio mutoto yangu amekufa."

Machozi yalimtoka bila sauti, yakashuka mpaka shingoni, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguo ya watu. Nilitaka kumkumbatia na niliogopa. Baada ya muda alininyooshea sindano nimtungie uzi mwingine, maana pindo la gauni la Madame lilikuwa bado halijaisha.